Sufuri Apewe Nani?

Ukitaka kujua macho ya binadamu yanavyochukia sufuri, andika 12500000 kisha uwaoneshe watu waliouza mahindi na ufuta, wanaosubiri mgao. Mpwa wangu alifanya hivyo kule Litumbandyosi, wilayani Mbinga, mkutano mzima ukitazama. Alikuwa ametunga programu ya hesabu za kikundi kwa lugha ya kompyuta ya Python. Mzee Mwenyekiti, ambaye ameshaona wahazini wa kila namna, akakataa kuoneshwa majibu peke yake. Alitaka kuona ndani, "huko pesa ilikolala."

Katibu akasoma milioni moja na robo. Mhazini akasoma milioni mia moja ishirini na tano, na ghafla kila mtu akamwona mhazini ni ndugu yake. Mama mmoja akazifuata sufuri kwa ukucha juu ya kioo. Alipofika ya nne mtoto akalia, akaanza upya.

Shauri la kutia mkato likapita bila kupingwa: 12,500,000, kama kwenye risiti. Lakini kwa Python mkato hutenganisha vitu. Mpwa alipobonyeza, kioo kikajibu: (12, 500, 0).

"Kijana," Mzee akauliza, "kumi na mbili ya nani, mia tano ya nani, na huyo wa sufuri katukosea nini?"

Dawa ipo siku nyingi. Lugha ya Ada iliruhusu kistari cha chini katikati ya tarakimu tangu 1983. Java ikafuata mwaka 2011, na Python, toleo la 3.6, mwaka 2016. C++ ilichagua ritifaa mwaka 2014. Kompyuta huviruka tu. Vipo kwa ajili ya macho yetu. Hata namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, hukatwa kwa vistari, na tokeni ya LUKU, 20 vilevile, tunasomeana nne nne, la sivyo tungelala gizani.

Mpwa akaandika 12_500_000. Mzee akaridhika nusu. Hapa watu husema milioni kumi na mbili na laki tano, basi akataka kistari baada ya milioni na kingine baada ya laki: 12_5_00000. Python ikakubali bila ubishi, maana haijali kila fungu lina tarakimu ngapi.

Likabaki ombi moja. Kwenye risiti tunamalizia kwa /= ili mtu asichomeke sufuri nyingine. Mzee akaomba kistari mwishoni kabisa. Python ikagoma: kistari sharti kikae kati ya tarakimu.

Mzee akaitazama laptopu, akamtazama mhazini.

"Hawa," akasema, "wameshaonana."