Sindano Namba Kumi na Nne

Mama Neema alinitoa nyumbani asubuhi kwa maneno matatu: "Usirudi bila sindano." Cherehani yake ilikuwa imevunja ya mwisho katikati ya mshono wa sare ya shule, na mwenye sare alikuwa amekaa kibarazani kwetu amejifunga kanga, anasubiri. Sindano namba 14. Nikasema moyoni, hicho nacho ni kitu cha kunisumbua? Ifakara ya leo si ile ya jana. Tuna lami, tuna daraja, tuna halmashauri ya mji, na tuna fremu kutoka Lipangalala hadi Kibaoni, zimebanana mpaka mbuzi hana pa kupenya. Sindano itakosekanaje?

Ikakosekana.

Nilianza na upande wa kushoto wa barabara. Fremu ya kwanza, wakala wa pesa. Ya pili, kinyozi. Ya tatu, wakala wa pesa, ila huyu ana mwavuli. Ya nne, vipodozi. Ya tano imefungwa, mlangoni pameandikwa kwa chaki "fremu inapangishwa" na namba ya simu ambayo tarakimu mbili za mwisho zimeliwa na mvua. Ya sita, wakala. Nikavuka kwenda kulia nikakuta mambo ni yaleyale, tofauti ni kwamba huku jua linakupiga usoni. Ukitoka kunyoa Ifakara unaweza kutoa pesa kwa mawakala wanne kabla shingo haijaacha kuwasha. Nani anamtumia nani pesa zote hizo? Mimi nahisi wanatumiana wenyewe kwa wenyewe ili siku iishe.

Nikaingia supamaketi. Ndiyo, tunayo, na mlinzi inaye. Akaninyang'anya kimfuko changu chenye viazi vitamu vitatu, akanipa kipande cha boksi chenye namba, kana kwamba nimeingia mochwari. Ndani kuna baridi. Kuna kijana kazi yake ni kunifuata hatua mbili nyuma, nikisimama anasimama, nikikohoa anapanga makopo. Nikamwuliza sindano ya cherehani. Akaniuliza, "Ya cherehani ipi, mzee, ya kunyolea?" Sikumjibu, kwa sababu macho yangu yalikuwa yameshaangukia rafu ya mchele.

Naomba wenzangu wa bonde la Kilombero wakae chini kwanza. Mchele wa Kyela. Umefungwa kwenye nailoni, una picha ya sahani, umepangwa vizuri, unauzwa Ifakara. Hapa! Mahali ambapo mtoto anajua kupepeta kabla hajajua kusoma, ambapo malori yanabeba mpunga wetu hadi Dar es Salaam, na wakati wa mavuno hata harufu ya mji ni ya pumba. Ni sawa na kumpelekea Mchaga ndizi zawadi. Sina ugomvi na watu wa Kyela, mchele wao ni mzuri, lakini ukae kwao. Nikarudisha kipande cha boksi, nikahesabu viazi vyangu, nikaondoka.

Zamani sindano hukuitafuta. Ulikwenda kwa Mangi. Duka lake lilikuwa na giza na harufu ya mafuta ya taa iliyochanganyika na sabuni ya mche, na ndani ya giza hilo kulikuwa na kila kitu: utambi, misumari kwa kupima, dawa ya kichwa kidonge kimoja kimoja, betri, sanda. Sindano za cherehani alizitunza kwenye kopo la kahawa. Alitumbukiza vidole bila kuangalia, akajichoma, akalaani kwa Kichaga, akakutolea namba 14. Huna hela? Daftari lipo, limefungwa kwa kamba kwenye msumari, na jina lako liko ukurasa ule ule lilipokuwa mwaka juzi.

Mama Neema anasema Mangi hakuwa na roho nzuri kuliko hawa wa sasa, alikuwa na barabara mbaya tu. Nimelifikiria hilo nikaona ana hoja, ingawa sijamwambia. Masika ikianza, njia ya Kidatu ilikuwa inageuka uji. Malori yalilala njiani siku mbili, tatu, utingo wanapika ugali chini ya matela. Mwenye duka aliyengoja mzigo mpya ndipo auze alikuwa anafunga, kwa hiyo Mangi alijaza stoo kama mchwa. Sasa tumepata lami, karibu kilomita 67 kutoka Kidatu, basi la asubuhi linakufikisha Morogoro ungali na hamu ya chai, na matokeo yake hakuna anayeweka chochote. Kila ninayemwuliza ananijibu kwa furaha, "Hiyo agiza Morogoro, mzee, kesho inafika!" Zaidi ya kilomita 200 kwenda kuchukua kitu kinachoingia kwenye tundu la kitufe. Mangi mwenyewe alisharudi kwao. Duka lake limebomolewa, pamejengwa fremu nne. Nadhani mnajua ni za nini.

Na lile daraja. Msinielewe vibaya, mimi kivuko sikililii. Januari 2016 kilizama na watu na magari, na kuna familia hapa ambazo mpaka leo ukitaja kivuko zinanyamaza. Daraja lilipofunguliwa 2018, mita 384 za zege juu ya mto Kilombero, nililivuka kwa miguu kwenda na kurudi, nikafurahi kama mtoto. Ninachosema ni hiki: foleni ya kivuko ilikuwa soko. Mtu anayesubiri saa tatu ana njaa, ana kiu, ana uchovu, na kuna mama mwenye perege wa kukaanga anajua hayo yote. Siku hizi gari la kwenda Mahenge linapita vioo juu, na yule mama naye amekodi fremu mjini.

Anafanya uwakala.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ningependa kuliruka, ila Mama Neema husoma ninachoandika. Na mimi nina fremu. Tatu. Palipokuwa na mwembe dodo wa marehemu mama. Fundi aliniambia, "Mzee, mwembe haulipi kodi," nikaona nimekutana na mtu mwenye akili. Ya kwanza ina wakala. Ya pili ina kinyozi, mwenye redio. Ya tatu iko bondeni kidogo, upande ambao mto Lumemo ukifurika huja kutusalimia, na ukutani maji yaliacha mstari wa kahawia usawa wa kitasa. Nikaupaka rangi. Mstari ukarudi. Sasa hivi mpangaji wake ni kuku wa Mama Neema na baiskeli isiyo na tairi.

Nilirudi saa nane, jasho linanitiririka, viazi vitatu, sindano sifuri. Binti wa kanga bado yupo kibarazani. Mama Neema hakupiga kelele. Angepiga ningeshukuru. Aliniuliza kwa upole, "Baba Neema, yule dada aliyekuja kuulizia fremu mwaka jana, alisema anataka kuuza nini?"

Nikajifanya nakumbuka kwa shida. Alikuja na kalamu na karatasi. Alisema uzi, zipu, vifungo, bitana, mafuta ya cherehani. Nilimwambia kodi ya miezi sita mkupuo na kilemba juu, maana Ifakara inakua. Akaangalia ukuta, akauliza, "Mzee, huu mstari ni wa nini?" Nikamwambia ni urembo. Akakunja karatasi yake, akaacha namba ya simu, akasema akipata atarudi.

"Na sindano," akamalizia Mama Neema. "Alisema na sindano."

Namba ilikuwepo bado, imeandikwa nyuma ya kalenda. Nikapiga.

"Shikamoo mzee! Nipo Lupiro huku, ng'ambo ya daraja. Sindano? Ninazo, kuanzia namba 9 mpaka 18. Mia tano. Nikupe kwa konda wa haisi? Ila konda naye anataka elfu mbili yake."

Nikasema nitatuma, mawakala tunao. Halafu, kwa kuwa mdomo wangu haunaga adabu, nikamwuliza huko fremu analipaje, miezi sita au mwaka.

"Kila mwezi, mzee," akasema. "Na haina urembo."