Moyo Uliotoka Nje Ibada Ikiendelea

Utulivu wa kiroho, yaani hali ya Mkristo kuielekeza akili yake kwa Mungu bila kuiacha izurure, ni fadhila inayosifiwa sana mimbarani na kushindikana sana mabenchini, na ushinde huo unaweza kuchunguzwa vizuri katika sharika za Kilutheri za jiji la Arusha na miteremko ya Mlima Meru. Huku Injili haikuingia kwa mzaha: wamisionari wawili wa Leipzig, Karl Segebrock na Ewald Ovir, waliuawa Akeri mwezi Oktoba 1896, wenzao wakaja kuanzisha kituo Nkoaranga mwaka 1902 na kingine Ilboru mwaka 1904, na leo vitukuu wa waliowapokea hujaza kanisa tangu ibada ya kwanza, hata Julai, ukungu unaposhuka mlimani na kila mtu akaabudu ndani ya sweta. Imani, kwa hiyo, ipo tele. Kinachoadimika ni utulivu, ambao adui yake mkubwa, kwa maoni ya anayeandika haya, ni jogoo.

Jogoo anayekusudiwa ni yule wa mnada. Mnada wa kanisani, kwa msomaji asiyeujua, ni uuzaji wa sadaka za mazao na mifugo unaofanyika uwanjani mara ibada inapokwisha, ambapo mkungu wa ndizi, trei ya mayai, debe la mahindi na kuku aliyefungwa miguu kwa kamba ya mgomba hunadiwa na mzee wa kanisa mwenye sauti na maneno, na fedha zikaingia katika hazina ya usharika. Kabla ya hapo sadaka hizo huwekwa mbele, karibu na madhabahu, na jogoo, kwa kuwa hajafundishwa liturujia, huwika pale tu panapotakiwa ukimya, aghalabu wakati wa maungamo, na tangu dakika hiyo nusu ya washarika huacha kuzihesabu dhambi zao wakaanza kukadiria uzito wake. Mama aliyeinamisha kichwa kwa unyenyekevu anautazama mkungu wa ndizi mshare kupitia katikati ya vidole. Baba aliye nyuma yake amekwisha kupanga bei atakayoanzia, bei atakayoishia, na jirani atakayemkomoa. Ajabu ni kwamba mnadani penyewe hakuna anayesinzia wala kuzurura kimawazo: mtu hununua yai moja kwa bei ya trei, akalirudisha linadiwe upya, likanunuliwa, likarudishwa tena, hata likaingiza fedha nyingi kuliko kuku aliyelitaga, na uwanja mzima ukacheka kwa furaha ambayo hubiri la dakika arobaini halikuweza kuiamsha.

Tatizo hili lilikwisha kumshughulisha Martin Luther mwenyewe, ambaye mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake wa Wittenberg, Peter Beskendorf, kijitabu cha kumfundisha kusali, akamkumbusha kwamba kinyozi mwema hukaza macho kwenye wembe na nywele, kwa kuwa akipiga soga huku akitazama kwingine atamkata mteja pua au hata koo, na kwamba sala nayo humtaka mtu mzimamzima. Aliwaonya pia wanaojiambia kwamba watasali baadaye kidogo, wakishamaliza hiki na kile, onyo linalomhusu kila Mmeru anayesema atasali akishakamua ng'ombe, kwa maana baada ya kukamua kuna kupeleka maziwa, na baada ya maziwa kuna kukata majani, na baada ya majani kuna usingizi. Ni kweli kwamba mwaka huohuo Beskendorf alimchoma kisu mume wa binti yake wakiwa mezani, akamuua, akafukuzwa mjini. Ubora wa kitabu haujawahi kumdhamini msomaji wake.

Wapo wanaoutafuta utulivu ndani ya haisi za kutoka Tengeru kwenda mjini, ambamo abiria wanne hukalia nafasi ya watatu. Husimuliwa habari za muumini aliyefumba macho maeneo ya Ngulelo, akawa ananong'ona akimwomba Bwana ashushe baraka, na katika kukolea sala ikafupika ikawa "shusha, shusha" kwa sauti ya kusikika, konda akagonga bodi mara mbili, gari likasimama, mlango ukavutwa, na mwombaji akaulizwa mbele ya watu wote kama anashuka au hashuki. Alishuka, maana kueleza kungechukua muda mrefu kuliko kutembea. Kuhusu simu inayolia Bongo Fleva katikati ya Baba Yetu, kila msharika anayo yake ya kusimulia, na mwenye simu huwa ndiye anayegeuka wa kwanza kumtafuta mkosaji.

Dawa aliyoitoa Luther ni kusuka kila amri ya Mungu, na kila fungu la Imani ya Mitume, kwa nyuzi nne, yaani fundisho, shukrani, maungamo na ombi, na inaelekea kufaa kwa mkungu wa ndizi pia: aliyeuona ajifunze unatoka kwa nani, ashukuru kwa mvua, aungame kwamba alitaka kumkomoa jirani, kisha aombe apate wa kuubeba. Njia hii ina manufaa zaidi kuliko kupigana na mkungu hadi baraka ya mwisho, kwani katika vita hivyo mkungu haujawahi kushindwa. Msomaji anayekusudia kuabudu huko Jumapili ijayo anaombwa azime simu kabla ya kengele ya pili, na aje na noti ndogondogo, kwa sababu mzee anayenadi hana chenji, na akiwa nayo haoni sababu ya kuirudisha.