Furaha kwa Ratiba

Binti yangu wa pili yuko likizo ya chuo, na likizo hii ameamua kunifanya niwe mtu mwenye furaha. Sikumwomba. Amechukua kalamu za rangi, akaandika ratiba na kuibandika kwenye mlango wa friji, mahali ambapo mwenye kiu hawezi kuikwepa: kuamka saa kumi na moja alfajiri, kuoga maji baridi, kutafakari, kuandika shukrani, kutembea hatua elfu kumi. Kila mstari una kisanduku cha kutia tiki. Nimestaafu, nikashukuru kuagana na daftari la mahudhurio, kumbe nilikuwa nahamishiwa kituo kingine cha kazi. Sasa naripoti kwa friji.

Hiyo saa kumi na moja ina kitabu chake. Robin Sharma, mwandishi wa Canada, alikitoa mwaka 2018, na watu wamenunua kwelikweli. Mama anayetukaangia maandazi hapa mtaani Magomeni saa tisa ya usiku yuko macho anakanda unga, na hajaandika hata kijitabu. Saa kumi na moja wenzetu wa Chanika na Mbagala wameshamaliza kugombea siti, wengine kwa kiwiko, wengine kwa kupitia dirishani. Kama kuamka mapema kungeleta furaha, daladala za alfajiri zingekuwa zinapita na vigelegele.

Maji baridi nayaruka. Nyumbani kwetu hayajawahi kuwapo mengine.

Kutafakari nilikujaribu kwa moyo mweupe. Unakaa mkekani, unafumba macho, unasikiliza pumzi yako. Pumzi niliisikia vizuri tu, mpaka fundi mageti wa jirani alipowasha grainda. "Usishindane na sauti, Baba," binti akanong'ona, "iache ipite." Haikupita. Ilikuwa inakata nondo, na oda ilikuwa ya geti la milango miwili.

Lakini kilichotugombanisha hasa ni daftari la shukrani. Alininunulia kaunta buku nzuri, akaifunika kwa karatasi ya maua, akaniambia kila usiku niandike mambo matatu ninayoyashukuru. Nikaandika: "Namshukuru Mungu umeme umerudi saa nane usiku, ukaniamsha kwa taa ya sebuleni na redio, ambavyo hakuna aliyekumbuka kuvizima. Namshukuru Mungu maji yametoka, ingawa yana rangi ya chai. Namshukuru Mungu mgeni wetu ameondoka." Binti akasoma, akanitazama.

"Baba, haya ni malalamiko."

"Ni shukrani zenye maelezo, mwanangu."

Akaniletea ushahidi. Wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti mwaka 2003: watu walioandika neema zao waliyaona maisha yao kuwa mazuri kuliko wenzao. Nikausoma kwa miwani, kwa sababu mtu akikuletea karatasi nyumbani kwako lazima uisome mpaka chini. Kumbe humo ndani kulikuwa na kundi jingine, lililopewa kazi ya kuandika kero zake! Watu wanakaa, wanaorodhesha yaliyowaudhi, na mtaalamu anawapokea kwa heshima kama mchango wa sayansi. Hao ndio wenzangu, na nasikitika kwamba hakuna aliyenitafuta.

Nikachimba zaidi. Mtafiti Sonja Lyubomirsky na wenzake, kwenye makala yao ya mwaka 2005, wanasema waliohesabu neema zao mara moja kwa wiki walifaidika, ila waliofanya hivyo mara tatu kwa wiki hawakupata nafuu yoyote ya maana. Nikakibandika hicho kipande kwenye friji, juu ya ratiba, kwa gundi yangu mwenyewe.

Hatua elfu kumi nazo nikazifukulia asili. Nilidhani ni agizo la madaktari. Ni Wajapani, mwaka 1965, baada ya Olimpiki ya Tokyo, waliotoa kifaa cha kiunoni kiitwacho Manpo-kei, yaani kipima hatua elfu kumi. Namba ya biashara! Utafiti wa I-Min Lee wa Harvard uliotoka mwaka 2019, uliowafuatilia akina mama wazee, ulikuta faida inaongezeka hadi kama hatua 7,500 kwa siku, kisha inatulia. Nimeomba kupunguziwa dozi. Tena huko nadhani watu hutembea kwenda mbele. Hapa kwetu, kwenye njia isiyo na kando, bodaboda akija unarudi nyuma, ukikuta mtaro haujafunikwa unazunguka, na simu inazihesabu zote kama maendeleo.

Sasa, katika kutembea huko lazima nipite kijiweni kwenye kahawa, ambako hukaa mzee mmoja mstaafu wa reli. Ukishasema shikamoo umekwisha. Marahaba, umeamkaje, mama watoto hajambo, yule mtoto wa chuo, lile paa mliziba, na lile jino? Jino lenyewe nililing'oa zamani, lakini bado liko kwenye orodha yake. Huku muuzaji ameshainamisha dele, kikombe kimeshajaa, na kukataa ni utovu wa adabu. Miaka nenda rudi nimemhesabu mzee huyu miongoni mwa vikwazo vya maendeleo yangu.

Na hapo ndipo binti alipopata pa kunishikia. Harvard, anasema, wamekuwa wakifuatilia maisha ya wanaume 724 tangu mwaka 1938, na Robert Waldinger anayeuongoza utafiti huo anatangaza kwamba kinachowapa watu furaha na afya ni uhusiano mzuri na wenzao. Canada nako, watafiti Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn waliwatuma watu kununua kahawa: wengine wapige soga kidogo na muuzaji, wengine wamalize haraka wajiondokee. Waliopiga soga ndio waliotoka na roho kunjufu. Yaani miaka yote hiyo, na fedha zote hizo, kumbe mzee anayeniulizia jino ni tiba.

Kesho yake nikakuta ratiba imeongezwa mstari: "Kusalimiana, watu 3." Kisanduku pembeni.

Ningestahimili, lakini binti hakuishia kwenye friji. Alikwenda kijiweni kununua kashata, akamsimulia mzee mambo yote, Harvard na Canada. Nilipopita jioni sikuulizwa jino. Mzee alikaa sawasawa kwenye benchi, akavua kofia, akawageukia wenzake wanaocheza drafti, kisha akaniambia kwamba kwa kuwa imethibitika salamu zake zinanirefushia maisha, kahawa ya leo nalipa mimi, na ya jana pia, na kuhusu ile miaka ya nyuma tutakaa tuelewane.