Pampu Inalia, Mfuko Unavuja

Mtaani kwetu hakuna anayehitaji kuniuliza nimerudi saa ngapi. Nikianza tu kukunja steringi niingie getini, gari linaguna kama ndama aliyeachishwa ziwa, na mbwa wa jirani anaitikia. Kwenye foleni ya Buguruni halina neno, maana foleni haina kona. Lakini nijaribu kuegesha Kariakoo, katikati ya kirikuu na mkokoteni wa machungwa, uone shingo zinavyogeuka. Hata kijana wa kuelekeza magari anaacha kusema "kata yote kulia" na kuanza kunipa ushauri wa kiufundi.

Kelele ningevumilia. Sasa linavuja pia. Baba mwenye nyumba ametandaza pevingi mpya uani, na kila asubuhi chini ya gari langu pana doa jekundu. Ananisalimia akiwa ameinama: "Umeamkaje, baba Neema? Hii ni ya kwako?" Ya nani tena, mzee wangu? Wapangaji wengine wote wana vile vigari vidogo vya steringi ya umeme, visivyojua hata oili ya steringi ina rangi gani.

Fundi wa kwanza hakufungua kitu. Alichukua kipande cha sabuni, akasugua feni belti, akarudi nyuma na kukunja mikono. Belti iliyolegea hupiga yowe la ghafla, kisha hunyamaza. Langu linaguna, na ukikanyaga mafuta mguno unapanda. Sabuni ikaisha, mguno ukabaki, hela ya sabuni nikalipa mimi. Kisha dereva wa bajaji aliyekuwa anasubiri pancha akanishauri nimimine oili ya breki kwenye kikopo cha oili ya steringi, "inaziba yenyewe, bro". Nilimshukuru kwa adabu. Oili ya breki huvimbisha mipira ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake: leo utaona uvujaji umekoma, baadaye mipira yote inafumuka kwa mpigo.

Fundi wa pili alisikiliza akiwa bado ameshika simu. "Bosi, pampu ya steringi imekufa. Kalete used." Basi, Gerezani hiyo, kwa wauza spea. Pampu zimening'inizwa kwenye waya, zimeoshwa kwa dizeli na kupulizwa rangi ya fedha hadi zinameta. Muuzaji akazungusha puli kwa kidole kimoja: "Ona mwenyewe, kaka, haina pleyi." Hivi kidole chako kinapima nini? Tairi la gari dogo hujazwa psi 30 na kidogo. Pampu hii, ukikunja steringi mpaka mwisho, inasukuma oili kwa zaidi ya psi 1,000. Oili sili iliyokauka ikisubiri mnunuzi haiwezi kujulikana kwa kidole. Nikauliza garantii. Akacheka, akamwita mwenzake aje wacheke pamoja.

Nilitoka mikono mitupu, nikampelekea gari mzee mmoja mwenye gereji chini ya mwembe, mtu asiye na haraka. Akaanza kwa kuosha. Akafuta pampu na mipira yake yote kwa kitambaa mpaka ikakauka, akaniambia niwashe injini na kukunja steringi taratibu, kisha akafungua kikopo cha oili. "Njoo uone, mwanangu." Oili ilikuwa imejaa povu, imepauka kama chai ya maziwa. Akashika mpira mnene unaotoka kwenye kikopo kwenda kwenye pampu. Ncha yake ilikuwa ngumu kama plastiki na ina ufa, na oringi ya pale unapoingia ilikuwa imebonyea upande mmoja.

Kumbe kuvuja na kuguna ni ugonjwa mmoja. Injini ikizimwa, oili inadondoka kwenye ule ufa. Ikiwaka, pampu inafyonza, na badala ya oili peke yake inavuta na hewa. Hewa inatengeneza povu, povu ndilo linalopiga kelele. Mmarekani Francis W. Davis alionyesha gari la steringi ya haidroliki mwaka 1926, Chrysler wakaanza kuuza magari ya aina hiyo 1951. Muda wote huo, na bado kuna fundi anayetibu povu kwa sabuni!

Mpira mpya, oringi na klipu viliingia. Oili chafu ikamwagwa. Mzee akanyanyua magurudumu ya mbele kwa jeki, akaweka stendi, kisha nikazungusha steringi kulia na kushoto, injini ikiwa imezimwa, huku yeye akiongeza oili kila ilipopungua. Wanaita kutoa upepo. Kisha tukawasha, tukarudia, na kila nilipofika mwisho alifoka: "Usishikilie hapo! Rudisha!" Mikono iliuma hadi usiku.

Doa kwenye pevingi limekwisha. Mguno umebaki kidogo asubuhi, kwa kuwa pampu iliyofanyishwa kazi na povu muda mrefu hulika ndani, na hilo halirudi kwa oringi. Mbwa hajitikisi tena.

Kwa hiyo, mafundi wangu wapendwa, nawaombeni: kabla ya kututuma Gerezani, shikeni kitambaa mfute, kisha mfungue kikopo mchungulie. Kitambaa nitaleta mimi.