Nyumba Hii Inauzwa, Jamani

Ukizunguka mitaa ya zamani ya Dar es Salaam utakuta watu wamejibu ukutani swali ambalo hukuwauliza: NYUMBA HII HAIUZWI. Wenye uchungu zaidi huongeza chini yake: OGOPA MATAPELI. Mgeni anaweza kudhani ni majivuno. Mwenyeji anajua kwamba mwenye nyumba ana mpwa asiyeaminika, au alikwenda kuzika Songea, akarudi akakuta watu wasiojuana wanapima sebule yake kwa hatua, kila mmoja ana risiti ya malipo ya awali mkononi.

Ya kwetu iliandikwa na marehemu Baba mwenyewe, kwa rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka geti. Baba alikuwa karani mwenye mwandiko mzuri, na kazi nusunusu hakuijua. Alipiga koti mbili, kisha akapita kwa majirani nyumba kwa nyumba kuwaachia maagizo: mtu yeyote akija kusema nyumba hii inauzwa, mkamateni.

Kwa hiyo Mama alipoamua kuuza, bei haikuwa tatizo la kwanza.

Nyumba yenyewe iko Sinza, kwenye viwanja vile vidogo vilivyopimwa miaka ya 1970 katika mradi wa Serikali na Benki ya Dunia, ili watu wa kipato cha kawaida wapate pa kujenga taratibu. Baba alijenga taratibu kweli. Enzi hizo, anasema Mama, usiku walikuwa wanasikia vyura. Siku hizi mbele kuna baa, nyuma kuna gesti, na ubavuni kuna baa nyingine inayoshindana na ile ya mbele. Mama akisali rozari, kati ya Salamu Maria moja na nyingine ilikuwa inapenya singeli, na alishaungama kwa padri kwamba baadhi ya maneno ameyashika. Alitaka kuhamia Kibaha kwenye kiwanja chake, apande mchicha.

Tukakubaliana kwamba tutapaka rangi tu. Hilo neno "tu" halijawahi kumwacha salama mtu anayeshughulika na nyumba. Fundi alikuja, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Bosi, hii nyumba nani aliwajengea?" Mafundi wote wa nchi hii huanza na swali hilo, hata pale waliojenga ni wao wenyewe. Akaeleza kwamba ukuta umeliwa na chumvi, rangi haitashika mpaka ukwanguliwe. Akakwangua. Plasta ikashuka na mkwanguo. Plasta iliposhuka, soketi ikabaki inaning'inia kwa waya zake. Tukamwita fundi umeme, naye akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akauliza nani aliwafungia huu mfumo.

Sebule ilipokamilika ikang'aa, ndipo tulipogundua kuwa korido yetu ni chafu. Tumekua humo, tumepita humo miaka yote, hatukuwahi kujua. Korido ikaumbua chumba cha Mama, chumba cha Mama kikaumbua dari, na dari ikafichua bati linalovuja. Fundi akapanda juu kuziba tundu moja, akashuka akiwa ametoboa mengine kwa uzito wake mwenyewe. Halafu akafiwa. Fundi aliyeshika nusu ya malipo hufiwa sana, na sisemi kwa kejeli, pole nimetoa na rambirambi nimetuma. Ila yule bibi yake wa Kilosa tumemchangia jeneza zaidi ya mara moja.

Kilichotushinda kabisa ni ukuta wa nje. Tulinunua rangi ya maji, ile ya krimu iliyokolea kidogo, tukapaka juu ya maandishi ya Baba. Asubuhi yalizama. Jioni yakaibuka, yamebadilika rangi tu, sasa ni ya waridi. Fundi akaamua kuyapiga msasa kuanzia mwisho, herufi moja moja, kwa jasho na manung'uniko. Jumamosi jua likamzamia akiwa ameondoa herufi nne, akaenda zake. Jumapili nzima ukuta wetu ukawa unatangaza kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAI. Dada mmoja aliyevaa vizuri, Biblia kwapani, aligonga geti kuuliza ibada inaanza saa ngapi.

Mdogo wangu anaishi Minneapolis, na watu wa Marekani kwa ushauri hawana choyo. Alituma ujumbe mrefu wa sauti kwenye kundi la familia la WhatsApp. Kule, alisema, ukitaka kuuza nyumba unaondoa picha za familia ili mnunuzi ajione yeye ndani yake, unapunguza samani vyumba vionekane vikubwa, na siku ya mteja unaoka biskuti ili nyumba inukie.

Mama aliusikiliza ujumbe mpaka mwisho, akaurudia, akavua miwani. "Picha nitoe, halafu mteja ajue nani anamwuzia? Si atasema nimevunja mlango nikaingia?" Picha zikabaki zote, kuanzia Kipaimara changu mpaka Baba na baiskeli. Kuhusu kupunguza samani tulifikiria kabati la vyombo, lile lenye vioo, lenye vikombe vya wageni ambao bado hawajafikia hadhi ya kuvinywea. Tulisukuma. Tukainamisha. Halikupita mlangoni kwa namna yoyote, na ndipo Mama alipokumbuka kwamba kabati liliingia kabla mlango haujawekwa. Aliyekumbuka alikuwa amekaa kwenye kochi muda wote akitutazama.

Biskuti hatukuwa na pa kuokea. Mama akachemsha chai ya tangawizi na iliki, sufuria wazi, na kwa robo saa nyumba ilinukia heshima. Bahati mbaya mpangaji wetu wa uani anafanya biashara ya dagaa wa Mwanza, na anapokaanga huwa hatazami ratiba ya mtu. Mteja wetu wa kwanza, mama wa makamo mwenye mkoba mzuri, aliingia getini, akasimama, akainua pua, akauliza kama wanauzwa. Akaambiwa wanauzwa. Akafungiwa wa kutosha, akashukuru, akaondoka, na hayo ndiyo yakawa mauzo ya siku ile.

Dalali naye tulikuwa naye. Alitaka asilimia 10, akasema ndiyo desturi, na bila kungoja jibu akaanza kazi. Alipiga picha ameinua simu juu ya kichwa, kisigino ukutani, mpaka sebule ikaonekana kama ukumbi wa harusi. Akaandika "dakika tano kutoka barabara kuu", dakika zenyewe zikiwa za bodaboda, usiku wa manane, bila abiria. Akamalizia na "bei ina maongezi". Nikamuuliza kwa nini atangaze kushuka kabla hatujapanda, akanihurumia kwa macho.

Siku moja alileta mtu na mkewe sisi hatupo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, na kila ukuta ule ukilowa, hata palipopigwa msasa, Baba huongea. Jirani yetu wa kulia, mzee mstaafu wa reli, alikuwa barazani kwake na gazeti. Tulikuwa tumemwambia kila mtu mtaani kwamba tunauza, isipokuwa yeye, kwa sababu wakati huo alikuwa kwa binti yake Dodoma.

"Kijana, hapo unafanya nini?"

"Shikamoo mzee. Naonyesha wateja nyumba."

"Marahaba. Hiyo nyumba haiuzwi."

"Inauzwa, mzee wangu."

"Soma ukuta."

Dalali akasoma. Wateja nao wakasoma, na yule mume akamshika mkewe mkono wakarudi kwenye gari bila kuaga. Nilipofika nilimkuta dalali ofisi ya serikali ya mtaa, amekaa kwenye benchi, simu ameikumbatia, vijana wawili wa mtaa wakiwa mlangoni na nyuso za watu wenye kazi maalumu. Mwenyekiti akaniuliza mimi ni nani katika nyumba ile. Nikamgeukia mzee, aliyenijua tangu natambaa.

"Huyu namfahamu," alisema mzee. "Ila hili la kuuza, marehemu hakuniambia."

Ikabidi Mama aitwe. Alikuja na khanga yake mabegani, akathibitisha, dalali akaachiwa. Mzee aliomba radhi kwa adabu zote, akaongeza: "Lakini shemeji, ungeandika ukutani basi."

Makaratasi nitayapita haraka, kwani hayachekeshi. Wanunuzi wa Dar wameumwa na nyoka, wanaogopa hata kamba: wanataka hati, risiti za pango la ardhi, barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi, na muhtasari wa kikao cha familia wenye sahihi ya kila mtoto. Kodi ya jengo pekee haikutusumbua, maana tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, inalipika hata ukisahau. Lakini kikao cha familia kina tabia ya kusikika mbali. Baba mdogo, ambaye hatukuwa tumemwona tangu arobaini ya Baba, aliwasili kutoka Korogwe na begi na hoja: yeye ndiye aliyesomba maji ya kufyatulia matofali ya nyumba hii.

Mama alifikiri. "Ndoo mbili," alisema.

Alilishwa, akapewa nauli na kifuta jasho, na kwenye muhtasari akasaini pale palipoandikwa Mwenyekiti.

Mnunuzi wa kweli alikuja asubuhi na mapema, mfanyabiashara asiye na maneno mengi, na kijana mwenye futi ya kamba. Mama alikuwa amepiga deki, ametandika vitambaa vyeupe makochini, amesimama mlangoni aone kama mgeni atavua viatu. Hakuvua. Hakuingia. Alitembea ukingoni mwa uzio, akapima upande unaotazama barabara, akauliza karo liko wapi, akahesabu kitu kwa vidole.

"Karibu ndani bosi, uone jipsamu," alisema dalali.

"Ndani sina haja."

Akagusa ukuta kwa kidole kimoja, akakitazama. "Mmepaka juzi juzi?"

"Ndiyo," nikasema.

"Poleni."

Anataka kujenga fremu za maduka chini na ghorofa juu. Bei ilielewana, tukasaini mbele ya wakili, Mama sasa yuko Kibaha na mchicha umeota. Gharama ya kubomoa nyumba na kuondoa kifusi mnunuzi aliikata kwenye bei, na asilimia 10 ya dalali ikahesabiwa kabla ya makato.