Mbegu ya Viazi na Msimamizi

Mkulima wa Timau hanunui mbegu ya viazi kwa kusifiwa. Ataigeuza, atakagua macho yake, atauliza imetoka shamba gani na jirani aliyeipanda mwaka jana alivuna nini. Mwanawe akishuka Chuo cha Dedan Kimathi, Nyeri, au kile cha Meru pale Nchiru kutafuta msimamizi wa uzamivu, anatosheka na neno "Profesa" mlangoni. Haulizi wangapi wamehitimu mikononi mwake, wala sura ya pili hulala miezi mingapi mezani chini ya magazeti.

Si kwamba kila mahali mambo huenda kwa mwendo wa kobe. Juni 2019, Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta kilitunuku shahada 118 za uzamivu kwa mkupuo, hadi Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ikaanzisha uchunguzi. Wengine hulia njaa. Sisi tulishtushwa na mavuno.

Basi, mwanangu, kabla hujatia sahihi, watafute wanafunzi wa zamani wa msimamizi huyo, uwanunulie chai. Wakicheka kabla ya kujibu, agiza na mandazi: maelezo yatakuwa marefu.