Bastola, Panga na Yai la Chokoleti

Nimekaa Houston miaka ya kutosha, hata njia za panya nazijua. Bado kuna mambo manane ya Texas ambayo hayajanikaa kichwani. Nayahesabu kinyumenyume, kuanzia lile dogo.

8. Jumanne ya kura
Kwa sheria ya 1845, rais huchaguliwa Jumanne ya Novemba, katikati ya wiki ya kazi. Wakulima wa enzi hizo walisafiri kwa farasi, na Jumapili ilikuwa ya ibada. Farasi wamestaafu, Jumanne imebaki. Bosi wangu hunipa ruhusa kwa uso uleule wa siku niliyokwenda kung'oa jino.

7. Yai la chokoleti
Kinder Surprise, lile lenye kidude cha kuchezea ndani, ni marufuku Marekani nzima. Sheria ya chakula ya 1938 haitaki peremende ifiche kitu kisicholiwa, maana mtoto anaweza kupaliwa. Sawa kabisa. Huruma hiyo ikumbukeni tukifika namba tatu.

6. Jumapili
Duka la pombe kali linafungwa kwa sheria. Muuza magari naye achague, Jumamosi au Jumapili, siyo zote mbili. Bunduki? Karibu mteja.

5. Steringi hafi
Msinione mshamba, mafunzo ya silaha nimeyapata. Nilisomea kibanda umiza, Tanga, kwa mwalimu Schwarzenegger, somo likiitwa Commando, la 1985. Nilichojifunza: risasi za steringi haziishi, na maadui mia hawana hata mmoja mwenye shabaha. Kuna watu wazima hapa, wapiga kura, ambao nashuku tulisoma darasa moja.

4. Koma
Haki ya kumiliki silaha iko katika marekebisho ya pili ya Katiba, ya 1791. Kwa Kiingereza ni maneno 27 tu, nusu yakitaja wanamgambo, nusu haki ya watu, na katikati koma. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama Kuu ya nchi iliamua kwa kura 5 dhidi ya 4 kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi, awe mgambo asiwe. Mabishano hayajaisha. Sisi wa Simba na Yanga tulidhani kubishana penalti ya msimu uliopita ni ugonjwa. Wenzetu wana karne mbili na ushee kwenye koma.

3. Leseni
Kuendesha gari nilifanya mtihani mara mbili (ya kwanza tusiizungumzie). Lakini tangu Septemba 1, 2021, mwenye miaka 21 asiye na katazo la kisheria anabeba bastola Texas bila kibali wala mafunzo. Leseni ya bastola bado ipo kwa anayeitaka, na ina faida yake: kituo cha kura kinaipokea kama kitambulisho. Kitambulisho cha mwanafunzi wa chuo kikuu hakipokelewi. Mimi sisemi wanyang'anywe silaha zao. Nasema wafanye hata ule mtihani wa kuegesha gari.

2. Vibao mlangoni
Mwenye duka asiyetaka mwenye leseni aingie na bastola iliyofichwa huweka kibao cha kifungu cha sheria 30.06, Kiingereza na Kihispania, herufi zisipungue inchi moja. Na .30-06 ni jina la risasi maarufu ya mwaka 1906! Baa inayopata asilimia 51 au zaidi ya mapato kwa vinywaji hubandika kibao chake chekundu: silaha hapana. Kwa hiyo hata huku wanajua bia na bastola haziivi chungu kimoja.

1. Panga
Jirani yangu ana bunduki nyingi kuliko sufuria zangu. Siku moja akanikuta nafyeka majani uani kwa panga nililotoka nalo nyumbani. Akasimama mbali, bastola kiunoni, akauliza: "Bwana, hilo ni halali?"

Ni halali. Tangu 2017 mtu mzima Texas anaruhusiwa kubeba panga hadharani, isipokuwa sehemu kama shule, mahakama na nyumba za ibada. Nikamweleza. Akalishika, akalipima uzito, akaliazima. Mwezi wa pili huu hajalirudisha.

Nilipomsimulia mama kwa simu, hakucheka. Akauliza tu, "Sasa mwanangu, hapo ndani umebaki na nini?"